Ombi la Kurudishiwa Baridi Yetu

Crystal, Minnesota
6 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Nahashon na Kerubo.

Mzee wetu Wanjala,

KUH: KUONDOLEWA KWA INSULESHENI MLIYOTUZAWADIA

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina jipya nililopewa Novemba, ambalo nikiitwa nalo kazini huwa nachelewa kuitika kwa sababu bado nalifurahia.

Kwanza, asante. Wengine kamati huwapa masufuria. Ninyi mliuliza nyumba yetu inavujia wapi joto, kisha Jumamosi ya tatu ya Januari mkapanda darini wenyewe na mashine ya kukodi, mkapuliza zile karatasi zilizosagwa za kuzuia joto lisitoroke, kupitia mpira mrefu mpaka zikawafika magotini. Nahashon alishuka kichwa kikiwa cheupe kwa vumbi, nikaona atakavyokuwa uzeeni, nikampenda upya. Kwa hiyo sisemi kwamba kazi yenu ni mbaya. Nasema inafanya kazi, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Blanketi. Kabla hamjaja, sebule yetu ilikuwa na baridi ya kutosha watu wawili. Tulikuwa na blanketi moja zito lenye picha ya simba, na kila jioni Nahashon alikuwa akiniambia, "Kerubo, sogea, baridi inaingia kwa shingo." Nilikuwa nasogea. Akasema tena, nikasogea tena, hata mahali pa kusogea palipokuwa pamekwisha. Siku hizi anakaa kiti cha peke yake akiwa na fulana, miguu juu ya meza. Juzi amenyoosha mikono akasema, "Babe, hapa sasa ni Mombasa. Sijui tulikuwa tunateseka kwa nini." Mzee, mateso anayoyataja ni mimi.

2. Barafu ya dirishani. Joto lilipokuwa linatoroka kupitia paa, theluji ya juu iliyeyuka ikaganda tena ukingoni, ikaning'inia kama mishumaa mirefu. Najua mlisema ni hatari kwa paa. Lakini asubuhi moja mume wangu alivunja mmoja akaniletea kitandani, kwa sababu maduka ya maua yalikuwa bado hayajafunguliwa. Niliuweka kwenye friza kando ya samaki, na bado upo. Hautapata mwenzake, maana ukingo wa paa sasa ni mkavu.

3. Wageni. Zamani ukitutembelea ulikaa na koti lako, ukanywa chai haraka, na Mchungaji Timothy alifunga kwa maombi ya dakika mbili huku meno yakigongana. Nilimpenda sana kwa hilo. Sasa ushirika wa Ijumaa umehamia kwetu kwa kauli moja, na sababu iliyotolewa mbele za watu ni "kwa Kerubo kuna joto." Wiki iliyopita Mchungaji alivua koti, akavua sweta, akaombea bara moja baada ya jingine. Eric, msimamizi wetu wa harusi, alivua hata soksi. Mtu akivua soksi nyumbani kwa maharusi, Mzee, hana mpango wa kuondoka.

4. Mama mkwe. Hili naliandika kwa heshima. Mama alikuwa amekataa kuja Amerika kwa sababu ya baridi, nami nilimheshimu kwa msimamo wake. Sasa Nahashon amempigia simu ya video akiwa na ile fulana, akamwonyesha dari kana kwamba ameijenga. Mama ameshapiga picha za viza. Anasema atakaa miezi sita, na ikiwa joto ni kweli, hataona sababu ya kuhesabu.

Unaweza kusema kamati ilimaliza kazi yake. Haikumaliza. Kwa desturi yetu kamati ya harusi haiishi mpaka ivunjwe kwa karamu. Yetu ilikuwa ivunjwe Desemba, dhoruba ya theluji ikafunga barabara, na yule mbuzi wa karamu yumo kwenye friza ya Eric hadi leo. Kwa hiyo kamati ingali kazini, nawe ungali mwenyekiti.

Naomba basi mkutane, mkodi mashine inayovuta badala ya kupuliza, mkaichukue zawadi yenu. Kama yote ni kazi kubwa, toeni ya juu ya kochi tu. Juu ya chumba cha wageni iacheni, hata muiongeze, ili Mama akifika apende kukaa huko.

Siandiki kwa hasira. Nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote wa Crystal na vitongoji vyake, na sitaki nije kugundua kwamba aliyekuwa ananikumbatia muda wote ule ni Januari.

Msalimie Mama watoto wako, umsalimie Wairimu mweka hazina, na kwaya yote, hasa sauti ya tatu walioimba hadi keki ikaisha.

Ni mimi, mke wa Nahashon (naomba uniruhusu niandike tena: mke wa Nahashon),

Kerubo

N.B. Baada ya kutia sahihi nilipita kliniki. Nilidhani kichefuchefu cha asubuhi kinaletwa na hili joto, nikataka kukiongeza kama lalamiko la tano, pamoja na barua ya daktari. Daktari amecheka. Amehesabu kwenye kalenda, na hesabu yake imetua mwisho wa Januari, wiki mbili baada ya ninyi kushuka darini. Sitaeleza zaidi, Mzee, wewe una wanao. Tafadhali puuza namba moja hadi nne. Mama mkwe na aje, akae hata mwaka. Mtoto ni wa Oktoba, na juu ya kile chumba kidogo cha nyuma atakamolala kuna kona ambayo mpira wenu haukufika.