Barua ya Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Bahasha ndefu, jina langu limepigwa chapa. Kuanzia leo mimi ni mjitolea katika Utafiti wa Ubora wa Huduma za Posta. Watanitumia barua za majaribio, nami nitajaza fomu kueleza kila moja imefika lini na saa ngapi. Malipo hakuna. Kumwambia mtu hakuna, hasa tarishi anayezileta. Anayetoa siri anaondolewa.

Miezi saba haijaingia barua nyumba hii, ukiacha ankara ya maji. Barua zote zilikuwa za marehemu mke wangu. Aliandikiana na watu aliokutana nao mara moja tu, kwenye foleni ya hospitali au harusini. Bahasha alizifungua kwa kibanio cha nywele, taratibu, akisema barua haichanwi, inafunguliwa. Hii ya leo nimejaribu kuifungua kwa kibanio chake. Nimeichana pembeni. Samahani, mama.

Maelekezo yana kurasa sita. Nimesoma mbili. Huo wa pili umenishtua: muda wote uandikwe kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Saa ishirini na nne! Yaani nikeshe? Hata hivyo usingizi wangu siku hizi ni wa kuokoteza. Nimeamua niko tayari.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya kwanza! Kaileta Mluzi, tarishi wetu. Jina lake halisi silijui hata baada ya miaka kumi na nne. Huanza kupiga mluzi kwenye kona ya kinyozi ili watu watoke getini, na kwetu hufika saa nne saa nne, jua likiwa bado halijakolea.

Niliipokea kama mtu asiyejua lolote. Nikasema, aa, barua, sijui ya nini hii. Nikasema tena. Nadhani ya pili ilizidi, maana aliniuliza kama nimelala vizuri.

Nimefungua. Karatasi tupu! Nimeigeuza mbele na nyuma, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Tupu kabisa! Mtu mzima anabandika stempu, anaandika anwani, halafu ndani hasemi kitu? Baadaye nimekuta imeelezwa ukurasa wa nne. Nimeiweka kwenye droo ya barua zake hata hivyo. Imekaa vizuri pale.

Kwenye fomu, penye muda wa kupokea, nimeandika 4:15 kwa mwandiko wa shuleni. Kazi safi.

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Barua ya pili imechelewa siku nzima, ratiba yao ilisema jana. Na leo yenyewe Mluzi kafika saa sita kasoro, anasukuma baiskeli, tairi limelala, shati limemganda mgongoni.

Nikakaa na fomu mezani muda mrefu. Huyu ndiye aliyekuja wiki ile ya msiba akiwa na barua tatu za marehemu mkononi, akavua kofia, akasimama asijue ampe nani. Leo nimtie alama mbaya? Siku siwezi kuibadilisha, huo ni uongo. Lakini saa ni kitu cha kuteleza, hata ile ya ukutani kwangu huteleza. Nimeandika 3:00. Sasa anaonekana kafika watu wakiwa bado na vikombe vya chai mkononi. Hila ndogo, haimdhuru mtu.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alinikuta nikiificha fomu chini ya mto wa kiti. Yeye ni muuguzi. Huja kila Jumatano kunipikia na kunisema. Akauliza namwandikia mwanamke gani. Nikakana. Akasema kama yupo nimwambie mapema, asije akasikia sokoni akadondosha kikapu. Nikamwambia ni siri ya taifa. Akasema kama taifa limefika kwako, shemeji, basi taifa limekwisha.

Jumatatu, 17 Machi

Leo hapakuwa na mluzi. Alikuja mama mmoja nisiyemjua, akabandika kikaratasi getini bila hata kugonga: una barua, njoo uichukue posta.

Nikaenda kwa miguu. Nikapanga foleni. Kwenye dirisha nikamuuliza karani Mluzi yuko wapi. Karani akainama, akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Mluzi kasimamishwa kazi. Analala na barua!

Sikuelewa. Akanieleza kama mtoto. Kuna utafiti, na ripoti zimekuja. Mluzi amegawa barua mtaa wetu saa kumi na robo alfajiri, na nyingine saa tisa usiku. Saa tisa usiku! Na chumba cha barua hapo posta hakifunguliwi kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa barua kazitoa wapi, kama hakwenda nazo kwake jioni? Kubeba barua za watu nyumbani ni kosa la kufukuzwa kazi. Kamati inakaa Ijumaa. Akifukuzwa hataajiriwa mwingine, na mtaa wetu wote utakuwa unakuja kuchukulia dirishani.

 Nikaketi kwenye benchi la posta karibu na gundi. Mluzi, saa tisa usiku! Sijawahi kumwona hata saa moja jioni.

Nimeondoka na barua yangu saa sita kamili. Kuna mtu kamsingizia. Nitamjua.

Jumanne, 18 Machi

Nimefikiri kama mpelelezi. Aliyetoa habari hizo lazima awe macho saa tisa usiku. Mtaani kwetu aliye macho saa hizo ni mmoja: jirani Kikohozi, ukuta kwa ukuta na mimi.

Mpango: nimlainishe, aropoke. Nikachemsha tangawizi, nikatia asali, nikaipeleka kwenye chupa ya chai ya marehemu, ile yenye maua. Akashtuka, nami nikashtuka kumwona kashtuka. Miaka yote jirani, akasema, na leo ndiyo umekumbuka kifua changu? Akanywa kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu. Nikamtupia swali kwa mbali: je, usiku husikii nyayo mtaani?

Akasema husikia kila usiku.

 Nikamuuliza ni nani.

"Si wewe, jirani? Unazunguka uani kwako tangu mama afariki. Mimi nakohoa, wewe unatembea. Nikajua basi, tupo wawili."

 Nikamwachia chupa. Kurudi nyumbani ndipo nikakumbuka ile ni chupa yake marehemu, na kuidai naona haya.

Jumatano, 19 Machi

Mpango mpya, huu umekaa. Nimepiga simu kwenye utafiti. Akapokea binti mpole, namwita Dada wa Utafiti. Nikamwambia mimi ni mjitolea mwaminifu, niko tayari kula kiapo kwamba Mluzi hajawahi kuja usiku. Akaniuliza naishi mtaa gani. Nikamtajia. Akasema ripoti zenyewe zimetoka mtaa huohuo, kwa mjitolea wetu.

Yupo mwingine! Mtaani kwangu! Anapokea barua nyuma ya mgongo wangu! Sijui kilichoniuma zaidi, uongo wake au barua zake.

Sasa, kama Mluzi anasemwa kuwa anawahi mno, dawa ni mimi kuonyesha kwamba anachelewa. Barua niliyoichukua juzi dirishani nimeijazia 6:00, na ni kweli tupu, ilikuwa saa sita kamili. Fomu nimeipeleka ofisini kwao kwa mkono. Posta siiamini tena.

Shemeji kaniuliza chupa ya maua iko wapi. Nimesema iko kwa mgonjwa. Akanitazama sana.

Alhamisi, 20 Machi



Dada wa Utafiti kapiga simu asubuhi. Sauti si ile ya jana. Akasema baba, fomu yako mpya nayo ina utata, inasema ulichukua barua dirishani saa kumi na mbili alfajiri, na posta ilikuwa imefungwa.

Nikawaka! Nikamwambia mimi sijaandika saa kumi na mbili popote, asiniwekee maneno mdomoni. Nimeandika saa sita. Saa sita, jua likiwa utosini, mbwa wamelala kivulini!

Nikasikia akipekua karatasi. 

Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa ngazi: na ile 4:15, baba, jua lilikuwa wapi? Nikamwambia lilikuwa limechomoza vizuri, ilikuwa saa nne na robo asubuhi, hata mtoto anajua. Akasema, Mungu wangu. Akaniuliza kama nilisoma ukurasa wa pili. Nikamjibu niliusoma, na tangu siku ile nalala jicho moja.

Akanieleza. Mashine yao huanza kuhesabu usiku wa manane. Saa nne yetu ya asubuhi kwao ni kumi. Nne yao ni alfajiri. Tatu yao...

Ni mimi! Yule mjitolea mwongo ni mimi! Siku tatu namtafuta, na ananyoa ndevu kwenye kioo changu!

Akasema basi atarekebisha, ile 3:00 ataiweka saa tatu asubuhi, na yataisha. Hapo ningenyamaza, ningebaki mjitolea. Nilikaribia kunyamaza. Lakini nikaona ile kofia mkononi mwa Mluzi, nikaropoka kwamba hata hiyo saa tatu si kweli, ilikuwa saa sita kasoro, nilimpunguzia kwa huruma.

 Akasema nifike mbele ya kamati kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Jana jioni nilimweleza Shemeji yote. Kaomba ruhusa kazini, kanisindikiza. Njia nzima hakunisema. Hilo lilinitisha kuliko kamati.

Watu watatu nyuma ya meza. Mluzi kwenye kiti pembeni, kavaa suti, haonekani kama yeye. Nikajieleza. Nilianzia kwenye kibanio cha nywele, mwenyekiti akaniomba nisogee mbele kidogo. Nikasogeza kiti. Akasema mbele katika habari.

Walipoona wanazidi kuchanganyikiwa, Shemeji akasimama. Akawaambia sisi wodini dawa ya saa nne asubuhi tunaiandika kumi, na huyu hajawahi kufanya kazi wodini, alikuwa fundi wa viti. Sentensi moja! Mwenyekiti akafunga faili. Mluzi arudi kazini Jumatatu, na siku alizosimamishwa ahesabiwe yupo kazini. Mimi nitaandikiwa.

Nje Mluzi akanishika bega. Nikafumba macho.

"Mzee, miaka kumi na nne nakupigia mluzi mchana kweupe, leo unanitembeza saa tisa usiku kama mchawi!"

Akacheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Shemeji alicheka kuliko wote, na kucheka kwake ni kwa dada yake kabisa, mkono juu ya kifua. Nikageuka kutazama upande mwingine.

Jumatatu, 24 Machi

Mluzi karudi! Nimemsikia tangu kwa kinyozi. Kaniletea barua moja: nimeondolewa kwenye utafiti, kwa kujaza muda usio sahihi kwa makusudi na bila makusudi. Wameandika yote mawili! Wananishukuru kwa moyo wangu. Hii ilikuwa na maandishi ndani, aya tatu. Nimeifungua bila kuichana.

Jumanne, 25 Machi

Nilitoka getini saa nne. Mluzi kapunguza mwendo, akainua mikono miwili mitupu, karibu aanguke na baiskeli. Leo huna kitu, Mzee. Nikamwambia nilitoka tu kutazama mawingu. Hapakuwa na wingu hata moja.

Nimesimama pale hadi alipokata kona.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepata njia! Sijui kwa nini sikuiona mapema.

Utafiti bado unatafuta wajitolea, tangazo liko ukutani posta. Mimi nimeondolewa, sawa, sibishi. Shemeji hajaondolewa. Nimejaza fomu kwa jina lake, na anwani ya nyumba hii. Penye kazi nimeandika muuguzi, wataheshimu. Penye kuuliza kama nimewahi kushiriki, nimeandika hapana, na kwa upande wake ni kweli kabisa. Umri nimempunguzia miaka kumi na mbili, akijua atafurahi. Sahihi yake nimeiiga mara nane kwenye gazeti hadi ikakaa.

Yeye mwenyewe simwambii. Siri ni siri, na mdomo wake naujua.

Wanasema watampigia mwombaji simu kesho asubuhi kuthibitisha. Hapo sikutaka mchezo wala hila. Nimeandika namba ya Shemeji ya kweli, tarakimu zote, nikazihakiki mara mbili. Mambo ya ofisi hayataki uongo.