Kulazwa kwa Mashine Iliyokataa Usingizi

Njooni, enyi mnaofunga kompyuta zenu na kuzitia mkobani bila shukrani! Tegeni masikio niwape habari za Yu-hsuan binti Chiu, simba wa ghorofa ya tano, aliyekilaza kisicholala pale Hsinchu, mji wa upepo, mchana wa mkesha wa sikukuu ya mwezi mpevu.

Treni yake ya kwenda Hualien kwa mama ilikuwa ya jioni hiyo. Sikukuu iliyopita mama yake alichoma nyama akala peke yake. Lakini bosi alikwisha tamka: haondoki mtu kabla mashine, kompyuta mpakato mpya waliyokuwa wakiiunda, haijalala. Na mashine, kila kifuniko kilipofungwa, ilinguruma kwa feni kama jeshi linalovuka mto.

Kisa? Wafalme wawili ngome moja! Mfumo endeshi, milki ya Yu-hsuan, uliiamuru chipu: "Punguza umeme, lala." Programu iliyopachikwa kwenye ubao wa saketi, milki ya Tseng wa meza ya nyuma, ikaiamuru: "Amka, umeme naugawa mimi." Sheria ya kale yataka mfumo uombe hatamu za umeme kila unapowaka, na ubao uziachie. Ombi hilo halikuandikwa, kwani Yu-hsuan aliapa kutosema na Tseng tangu jamaa huyo alipoila pakiti ya kijani ya bisi iliyowekwa juu ya mashine, kwa desturi ya mafundi wa huko, kama hirizi ya kuilinda na kuitia adabu. Pakiti ambayo hata mwizi wa Hsinchu haigusi.

"Kaka Tseng!" akanguruma hatimaye, bila kugeuza kiti. "Ewe mla walinzi! Niachie hatamu za umeme!"

"Loo, leo naonekana? Si ulisema mimi ni ukuta?"

"Ukuta usingekula bisi zangu."

"Zilikaribia kuharibika, dada. Pakiti iliyopitwa na tarehe ni nuksi. Nilikuokoa."

"Kwa meno?"

"Haya, nimekosa. Lakini omba vizuri. Ubao wangu haumpi kitu anayefoka."

"Tafadhali basi, baba nuksi. Mama ananingoja."

Hapo Tseng akainuka kama mlima unaohama, akashuka dukani, akarejea na pakiti mpya, ya kijani, rangi ya taa ya mashine iliyo salama, wala si ya njano ya hitilafu, akaisimika juu ya mashine kwa mikono miwili. Vidole vikaingia vitani: huyu akaandika ombi, yule ruhusa. Mashine ikawashwa upya. Kifuniko kikafungwa.

Feni ikakohoa, ikazunguka kwa kiburi, ikanyamaza. Ghorofa nzima ikausikia upepo wa nje.

"Imelala," Tseng akanong'ona. "Kimbia kabla haijaota ndoto!"

Andikeni, enyi waandishi wa zama: siku ile taa ndogo ya mashine ilizimika Hsinchu, na huko Hualien nyama ikaliwa na wawili, ingali moto.