Kadi Imetangulia Iloilo

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi theluji, mchana msiba. Kadi ya Glenda ya ukaazi wa kudumu iko melini. Au iko kwenye treni, njiani kwenda melini. Kwa vyovyote haiko Winnipeg.

Nieleze kwa utulivu. Januari wezi waliingia nyumba ya jirani. Nikaichukua kadi ya mke wangu, nikaifukia ndani ya mkebe wa kahawa. Mwizi gani anakoroga kahawa? Jumamosi tukafunga sanduku la zawadi za Mama Mkwe kule Iloilo, Ufilipino. Sabuni, taulo, nyama za kopo, viatu vya wajukuu. Pembeni pakabaki pengo. Kupeleka sanduku lenye pengo ni aibu, ni kuilipia hewa nauli. Nikatazama huku na huku, nikachomeka mkebe. Ukaenea sawasawa. Nikajipongeza kwa sauti.

Glenda anasafiri tarehe 11 Mei. Mama yake anatimiza miaka themanini, na hawajaonana kwa miaka saba. Bila kadi hatapandishwa ndege ya kurudi Kanada. Mwanzoni nilifarijika: kadi si inaelekea hukohuko? Kisha nikakumbuka sanduku huchukua miezi miwili na nusu, au mitatu, meli ikijisikia. Na Mama Mkwe hugawa kahawa mtaa mzima kabla sanduku halijatua sakafuni.

Uamuzi: nitaomba kadi mpya kimyakimya. Glenda asijue. Edgardo ndiye hasa asijue.

Jumatano, 6 Machi

Edgardo ni mwanyumba wangu, kaoa dada yake Glenda. Parokia nzima humpelekea fomu awajazie. Huzijaza kwa kalamu ya wino, huku akiguna kama daktari. Leo kanikuta nimeinamia makaratasi, akauliza ni nini. Nikasema ni mapishi. Akauliza mapishi gani yanataka tarehe ya kuingia nchini. Nikafunika kwa kiwiko.

Fomu inataka picha. Mtu asicheke, mdomo ufungwe. Hapo pana kazi! Glenda hajapata kutazama kamera bila kucheka. Kwenye picha ya harusi yetu anaonekana mpaka jino la mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

Studio. Nilimwambia Glenda kwamba msafiri makini hutembea na picha za akiba. Mpiga picha akamwambia asicheke. Akacheka. Akamwomba afikirie jambo la kuhuzunisha. Akafikiria, akanitazama mimi, akacheka zaidi, na mpiga picha naye akaanza. Mara ya kumi na moja ikabidi nitumie nguvu. Nikasema friji imeharibika tangu juzi na samaki wote wameoza. Kamera ikalia papo hapo. Picha safi kabisa, uso wa hakimu.

Njia nzima ya kurudi alihesabu samaki aliowapoteza. Alipoikuta friji ni nzima alinikumbatia, kisha akanipiga kwa kifurushi cha samaki.

Jumapili, 10 Machi

Sahihi. Niliifunika fomu kwa gazeti, nikaacha wazi sehemu ya chini tu. Nikamwambia ni bahati nasibu ya kanisa, zawadi ni paja zima la nguruwe. Akauliza mbona wanataka rangi ya macho. Nikasema ni ili wamtambue mshindi. Akaona ni jambo la busara. Akatia sahihi kwa furaha, mkia wa herufi ya mwisho akaupeleka mbali, akamalizia kwa kuchora kaua kadogo.

Jumanne, 12 Machi

Kuna nafasi ya kueleza kadi ilipoteaje. Anayeeleza ni mwenye kadi, yaani lazima niandike kama Glenda. Sikujua kama ningeifurahia kazi hii namna hii. Nusu saa ya kuwa mke wangu imenifungua macho: nina mume mzuri sana. Nimeandika hivi:

"Mimi, Glenda, natamka kwamba kadi yangu imetoweka bila kosa lolote la mume wangu Nestor, mtu mwangalifu, mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye kwa wingi wa shughuli sijapata kumshukuru ipasavyo."

Nikaisoma mara tatu. Nikaguswa. Nikaituma.

Jumatano, 27 Machi

Balaa. Bahasha imerudi. Sahihi imetoka nje ya kisanduku, na kaua hakaruhusiwi. Imekuja kwa jina la Glenda. Kaifungua mezani, Edgardo na mkewe wakiwa wamekuja kula. Alidhani ameshinda paja. Akaanza kusoma yale maelezo kwa sauti.

Edgardo aliomba maji. Mkewe alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika. Glenda alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha, akaniuliza kadi yake iko wapi. Nikasema ukweli wote, pamoja na mkebe.

Akasema, "Nestor, miaka saba sijamwona mama yangu. Ungeniambia siku ileile, saa hizi tungekuwa tumeshamaliza." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwomba radhi palepale, mbele ya Edgardo, na sijui kama kuna mwanamume aliyewahi kulipa gharama kubwa kuliko hiyo.

Edgardo akatoa kalamu. Nakala ya tiketi ikaambatanishwa ili waharakishe. Glenda akaandika maelezo mwenyewe: "Mume wangu aliificha ndani ya kahawa, kisha akaisafirisha." Edgardo akaguna, akasema katika fomu zote alizojaza hajaona maelezo mafupi na ya kweli kama haya. Mimi nilipewa kazi ya kubandika stempu. Niliibandika vizuri.

Jumanne, 30 Aprili

Imefika! Glenda kaibusu. Hajanipa niishike, kanionyesha kwa mbali, yeye kule jikoni, mimi mlangoni. Nilimkumbusha kwamba ile picha ya friji imetoka vizuri na kwamba bila mimi angekuwa amecheka. Akakiri. Jioni kapika adobo ya kuku na kuniongezea bila kuombwa.

Jumamosi, 18 Mei

Saa moja asubuhi, simu ya video. Iloilo ilikuwa tayari usiku, ua mzima taa na watu. Glenda amemshika mama yake mkono na hauachii. Anakula tambi za siku ya kuzaliwa kwa mkono wa kushoto, zinamponyoka, wote wawili wanacheka. Mama Mkwe akasogeza uso kwenye simu, nikaona pua tu. Akasema, "Mkwe wangu, asante kwa kuniletea mwanangu." Sikustahili, lakini nilipokea. Nimelia na sijali. Sanduku bado halijafika. Likifika, ile kadi ya zamani ni ya kurudishwa tu, haina kazi tena.

Kisha Glenda akaenda na simu pembeni. Akasema ananipenda, ila mambo ya kufichana yaishe. Nikaapa. Akauliza kama kuna jambo lingine lolote ambalo angepaswa kulijua. Nikamwambia hakuna, mke wangu, hata moja.

Baada ya kuagana nikaitoa tena kadi yangu mwenyewe ya ukaazi, niliyoikuta Alhamisi nikitafuta chumvi. Muda wake ulikwisha Februari. Glenda anarudi tarehe 8 Juni. Siku ishirini na moja, na fomu yote ninayo kichwani. Hakuna haja ya kumharibia mtu likizo. Edgardo akiuliza, ni mapishi.