Pua ya Baba Haijakauka

Jumapili, 3 Machi
Mdogo wangu kamnunulia Baba televisheni. Kubwa kama mlango! Eti zawadi ya kutimiza miaka sabini, kaileta mapema ili wote tuione. Shangazi kapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimebeba soksi. Nikazisukumiza mfukoni, nikatangaza kwamba Jumamosi ya sherehe, tarehe ishirini na tatu, Baba atapokea picha yake niliyoichora mwenyewe kwa rangi za mafuta. Mdogo wangu akauliza nimejifunza lini. Nikamjibu kwamba vipaji havitangazwi. Brashi niliyowahi kushika ni ya viatu tu.

Jumanne, 5 Machi
Nimempata mwalimu mtandaoni. Mzee mpole, ana ndevu, maneno mengi. Anapoongea naruka, anapochora naangalia. Kwa mtindo huo masomo yote yameisha kabla ya chakula cha jioni! Mke wangu kauliza kama nimeelewa. Nimemwambia sanaa haieleweki, inatoka. Kasema basi itokee uani, harufu ya mafuta hayo inamuumiza kichwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimeanza. Baba alinisubiri mlangoni, kavaa koti la harusi yake na kiti kishawekwa dirishani. Alikuwa kinyozi maisha yake yote. Akasema amekalisha watu kitini tangu ujana, leo ndiyo zamu yake. Alifurahi mno, hata nikashangaa. Tangu Mama afariki sijamwona amechana nywele namna ile.

Tatizo ni mdomo. Hautulii! Alinisimulia wateja waliolala kitini, wateja waliolia, mmoja aliyekimbia kanyolewa nusu. Kisha akasema kuna jambo la siku niliyozaliwa ambalo hajawahi kumwambia mtu. Nilikuwa kwenye mdomo wa chini, sehemu ngumu kabisa. Nikamwomba, kwa heshima zote, aufunge. Akaufunga. Mdomo ukatoka vizuri.

Jumatano, 13 Machi
Rangi haikauki. Nimeigusa shavuni, shavu limekuja na kidole. Nikapaka tena, likachanganyika na koti. Sasa Baba ana rangi ya tope la mtaroni. Nimechukua kikausha nywele cha mke wangu. Hewa imepeperusha vumbi la uani, Baba kaota ndevu. Mke wangu kashauri nimsikilize mwalimu pale ninaporuka. Ushauri wa mtu asiyejua sanaa.

Jumapili, 17 Machi
Baba tena, koti tena. Safari hii kachemsha chai kabla sijafika, na vikombe viwili viko mezani. Televisheni imefunikwa shuka. Nikamuuliza kama imeharibika. Akasema ni nzima, ila haimuulizi chochote.

Nilichora pua. Nilipomtazama sana niliona kitu. Pua ile ni yangu! Na macho yamezama kuliko nilivyodhani. Nina umri huu wote, na sikuwahi kumtazama baba yangu kwa muda mrefu hivyo. Nikaingiwa na uchungu, sijui wa nini. Nilitaka kumuuliza lile jambo la siku niliyozaliwa, lakini mwanga ulikuwa unakwisha na sikio moja lilikuwa bado. Chai ilipoa. Akainywa yeye, vikombe vyote viwili.

Jumamosi, 23 Machi
Aibu! Ukoo mzima umejaa sebuleni, picha imeegemezwa kitini, nimeifunua mwenyewe kwa mbwembwe. Watu wakasema aah. Shangazi akakiri kwamba ni yeye kabisa, hasa pua. Kichwa kikanivimba. Mdogo wangu, na shati lake jeupe, akarudi nyuma kuwapisha wabeba sahani, akaiegemea picha. Alipoinuka, pua ya Baba ilikuwa mgongoni kwake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Watoto walimfuata mdogo wangu sebule nzima wakiisalimia shikamoo. Baba alicheka mpaka machozi. Kisha akanishika mkono, akasema hakuna neno, basi tuanze upya, Jumapili hadi Jumapili, hata ikichukua mwaka. Akauliza kesho nitakuja saa ngapi. Alinishika mkono kwa nguvu. Maskini, pua imemuuma kuliko alivyoonyesha.

Jumapili, 24 Machi
Sikulala vizuri, nikimfikiria. Mzee wa miaka sabini, kila Jumapili akae wima na koti zito kwa ajili ya uzembe wa rangi! Mtoto gani anamtesa baba yake hivyo? Asubuhi nimepata dawa. Kuna mwalimu mwingine, kijana, anachora kwa kutazama picha ya simu. Hahitaji mtu kabisa.

Nimekwenda. Baba alikuwa tayari, koti limefungwa vifungo vyote. Nikampiga picha palepale mlangoni, mbele na ubavuni, nikampa habari njema kwamba hatakaa tena. Apumzike, atazame televisheni yake. Akasema sawa, mwanangu. Akavua koti taratibu. Nikaona nimemtua mzigo.

Nilipofika getini akaniita. Akasema lile jambo la siku niliyozaliwa hajalimaliza. Nikamwambia asijali, anirekodie kwa sauti kwenye simu, nitasikiliza nikipata nafasi. Akasema hajui kurekodi.

Nimemtumia video inayofundisha.