Tani Moja na Nusu Juu ya Kitanda Changu

Jumatatu, 3 Februari
Badria wa ghorofa ya pili kafunga AC. Mimi nipo ghorofa ya kwanza, chini yake, kwa hiyo fundi alivyotoboa ukuta vumbi lote limeshukia dirishani, kwenye mchele wangu. Samahani sijaisikia. Saa kumi nikatandika mkeka, kahawa, kashata, feni nikaielekeza kwa wageni. Miaka kumi na moja wenzangu wanakuja kwangu kupata habari za mtaa. Leo hajaja mtu. Vicheko navisikia juu. Nina habari tatu za moto, moja ya talaka, na sina wa kumwambia. Nimeiambia feni.

Jumanne, 4 Februari
Nimetengeneza AC yangu. Ndoo ya barafu mbele ya feni, barafu ya muuza juisi wa Kariakoo. Nikawaita majirani zangu Nasreen na Candida waje waonje. Baridi ilikuwepo, dakika saba. Halafu feni ikaanguka, ikaipiga ndoo teke, maji yote yakawarukia. Candida akasema shoga, hii sio AC, hii masika. Nikamwazima kanga, sketi yake nikaianika kwenye kamba yangu. Wakaenda kujikausha. Kwa Badria.

Jumatano, 5 Februari
Nimekutana na fundi Polycarp kwenye ngazi, kaja kumalizia bomba la maji ya AC. Ana adabu, kaniamkia shikamoo. Nikamuuliza AC ya Badria ikoje. Akasema ile ni tani moja na nusu, mama, sebule yake kubwa, tani moja ingezidiwa.

Shule niliishia la nne, lakini tani naijua. Magunia kumi ya mchele ya kilo mia mia. Kwa hiyo magunia kumi na tano yananing'inia ukutani, juu ya kitanda changu. Nimefurahi mpaka nimeshuka ngazi bila viatu. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeshamwambia muuza vitenge wa chini, Nasreen, Candida, na Mzee Bhupendra wa duka la vyombo. Mzee kaendelea kupanga sufuria zake. Akasema, "Ahaa."

Alhamisi, 6 Februari
Mkeka umejaa! Juu hapandi mtu. Nasreen anaapa jana aliuona ukuta umepinda, kwa macho yake. Mimi ndiye niliyemwambia umepinda, lakini shahidi ni shahidi. Habari zote tatu nimezitoa, ya talaka nikairudia mara mbili. Jasho lilitutiririka, ila jasho la amani.

Ijumaa, 7 Februari
Badria kamleta fundi mkekani kwangu, mbele ya watu. Polycarp kabeba AC kama ile ile, ya mteja wake wa Magomeni. Begani. Mkono mwingine anaongea na simu. Akatuelezea polepole kama watu wa chekechea: tani ya AC sio uzito, ni nguvu ya kupooza. Nje kuna kompresa, inazungusha gesi, gesi inabeba joto la ndani na kwenda kulimwaga nje. Hii ya ndani ina kilo kumi na nne tu. Badria akasema, basi dada Zamda umeizidi mara sita. Aliyecheka zaidi ni Candida, na sketi yake bado iko kwenye kamba yangu. Wakapanda wote. Kashata nimekula mwenyewe.

Jumamosi, 8 Februari
Sitachekwa tena. Kuanzia leo naulizia kwanza, naelewa, ndio nasema. Nimemfuata Polycarp mpaka chini, nikamwomba anieleweshe hiyo tani vizuri. Akasema ukitaka kwa namba, nguvu ya kupooza inapimwa kwa BTU, tani moja na nusu ni BTU elfu kumi na nane, hata kwenye boksi imeandikwa.

Hizo herufi sikuzishika. Elfu kumi na nane nimeishika.

Elfu kumi na nane! Feni yangu tu nilinunua shilingi elfu arobaini na tano. Na Badria anatutangazia kajinyima mwaka mzima kuinunua. Mtumba ule, tena mtumba uliokataliwa na mtumba. Muuza vitenge nimeshamwambia. Nasreen kaahidi saa kumi atakuja na wenzake kusikia vizuri, kahawa iko jikoni.

Nimepita na kwa Mzee Bhupendra. Kasema, "Ahaa." Hata yeye kaelewa.