Jino Zima la Baba Yake Gego

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa, ilikuwa imefungwa kwa mpira kwenye mguu wa benchi, kwa hiyo ikitangaza jambo, waliokaa walilisikia kwa makalio kabla ya masikio. Mchana ule ilitangaza kwamba jeshi linatafuta madaktari wa meno. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaruhusiwa, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kufika ofisini.

Gego aliinamia kikombe chake kana kwamba kuna mtu ndani anamwita. Alikuwa mwaka wa mwisho, na habari hiyo alikuwa nayo tangu wiki iliyopita.

"Kwani adui anaumwa meno?" akauliza Mama Birika, akimimina kahawa.

"Adui shauri yake," akajibu Sajini, mwanajeshi mstaafu ambaye sasa alilinda lango la chuo cha meno, hatua chache kutoka pale. "Askari akiumwa jino halengi. Anaona maadui wawili, anapiga katikati."

"Mimi naenda," akasema Sindano. Alisoma darasa moja na Gego, na jina hilo alipewa na wagonjwa waliomwuliza ataanza lini kuwachoma naye ameshamaliza. "Tukisubiri ajira nyingine tutazeeka tunawasafisha mashangazi meno sebuleni. Gego, inuka twende."

"Huyu?" Sajini alicheka. Alikunywa kahawa kama kawaida yake, ameinamisha kichwa ili yote ipite shavu la kulia. "Huyu jeshi atalilaza usingizi. Kijana, mimi ni askari nimeletwa kwako naumwa. Niamrishe."

Gego akajikohoza. "Karibu mzee wangu. Kaa, legeza mabega. Ukisikia maumivu, inua mkono."

"Umesikia, Mama Birika? Inua mkono. Kikosi kizima kitasalimu amri kwenye kiti chake."

"Na akipewa bunduki," Sindano akadakia, "atamwambia adui, pole, utasikia kama umeng'atwa na sisimizi."

Benchi likatikisika kwa kicheko. Gego naye alicheka, lakini cha upande mmoja.

"Mama amekataa," akasema.

Mama Birika akainama, akapunguza sauti ya redio. Wote walijua. Baba yake Gego alikuwa askari, alifariki kazini mwaka juzi, na mpaka leo mama yake alivipiga rangi viatu vyake kila Jumamosi na kuviweka mlangoni, vidole vikitazama nje.

"Anasema nyumba yetu imeshatoa askari mmoja, inatosha. Na mimi bila ruhusa yake siendi."

"Mama ni mama," akasema Mama Birika.

"Ila ningependa," akasema Gego, polepole. "Baba alikuwa mwanaume. Kipande cha bomu kimpate mdomoni, kimng'oe gego, yeye akiteme chini na aendelee kupiga."

"Miaka yote hii naivumilia hiyo hadithi," akasema Sindano. "Tumekupa hadi jina kwa ajili yake. Lakini wewe umesomea vinywa. Hilo bomu liliruka meno ya mbele yote, likapiga kona, likaenda kuchagua gego?"

"Kuna pembe," akasema Gego. "Inategemea pembe."

Sajini alikuwa amepaliwa. Mama Birika akampiga mgongoni mpaka kahawa ikapata njia.

"Bomu gani tena?" akauliza Sajini, machozi yakimtoka. "Mimi nilikuwa naye kambini. Nilikishika kile kichwa kwa mikono yangu hii. Aling'olewa na fundi wa magari, kwa koleo la gereji."

Gego akaweka kikombe chini.

"Kambi ile haikuwa na daktari wa meno. Baba yako alikesha siku kadhaa anazunguka hema kama mlinzi wa ziada. Mwisho akamwita fundi, akamwambia ni gego la kushoto. Fundi akakaa mbele yake, akang'oa la kushoto."

"Basi si sawa?" akauliza Mama Birika.

"Kushoto kwake fundi."

Sindano akaziba uso kwa mikono. "Somo la kwanza kabisa. Kushoto ni kwa mgonjwa."

"Kwa hiyo aling'oa jino zima?" akauliza Gego.

"Zima, linang'aa kama kigae kipya. Bovu likabaki, na baba yako akakataa koleo lisimsogelee tena. Akalifuga lile bovu mpaka likizo."

Gego aliikumbuka ile likizo: baba yake anakula uji tu, anawaambia watoto kwamba makomando hawatafuni. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti, na unga wa plasta wa kufinyangia meno darasani ukambaki puani. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akaiweka sauti kubwa na kumweleza yote, hadi koleo.

Upande wa pili mama akacheka, kicheko ambacho Gego hakuwa amekisikia tangu msiba.

"Bomu nilijua halikuwepo," akasema. "Lipite mdomoni, masharubu yabaki vilevile?"

"Sasa mbona hukumwambia, mama?"

"Alikuwa anaisimulia vizuri."

Mama Birika akageuka akashughulika na birika ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Na mpaka leo wanang'olewa na mafundi magari?" mama akauliza.

"Ndiyo maana wanatafuta watu, mama."

"Utapewa bunduki?"

"Labda. Ila koleo nitakuwa nalo siku zote."

Kwenye simu zikasikika hatua za mama zikielekea mlangoni.

"Pitia nyumbani kwanza," akasema mama. "Huwezi kwenda huko na hivyo viraba vyako. Viatu nimevipiga rangi juzi tu. Na wewe uulize mara mbili, kushoto kwa nani."

Simu ikakatika. Gego akasimama, akafunga vifungo vya koti mpaka cha juu. Sindano tayari alikuwa amebeba mikoba ya wote wawili.

"Dakika moja," akasema Gego, akamgeukia Sajini. Sauti yake haikuwa ile ya legeza mabega. "Mzee, hiyo kahawa unaipitisha kulia kila siku. Fungua mdomo nione la kushoto."

"La kushoto lina nini? Niko salama."

"Fungua."

Sajini akamtazama Mama Birika, akalitazama lango lake, akaona leo liko mbali. Kisha, kabla hajaguswa popote, akainua mkono.