Vita vya Nyamoita na Neno "Was"

Kaeni kitako, enyi wachuma chai wa Ogembo, nanyi makarani wa Nyamira mnaogonga mihuri kutwa. Zimeni redio, tueni vikapu, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa Alhamisi jioni chini ya mabati ya darasa la watu wazima, bila mkuki wala ngao, baina ya Nyamoita binti Angwenyi na neno la Kiingereza lenye herufi tatu.

Nyamoita huyo, mwenye miaka hamsini na mitatu na kalamu moja, mkunja-magoti asiyemenya hata ndizi kabla hajaomba, alikuwa na haja moja tu duniani: kuwa karani wa kanisa lake. Karani wa zamani alikuwa amehamia Nyamira, na kiti kilikuwa kitupu. Lakini kumbukumbu za vikao hapo huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wazee wa kanisa huamini kwamba uamuzi wa kununua mifagio hauna uzito ukiandikwa kwa lugha wanayoielewa. Wakatamka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akirudia la mwenzake: "Kazi ya karani ni kuandika waliyosema wengine. Basi tuletee kabla ya Sabato mtihani wa Kiingereza wa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, wenye alama kumi kati ya ishirini. Ukikosa, kiti tutampa Abner." Huyo Abner ni yule asinziaye hata anapokuwa yeye mwenyewe ndiye anayeomba.

Mtihani ukaletwa darasani na Mwalimu Lewis, kijana wa viatu vilivyochongoka, bwana wa chaki, mwenye digrii asiyeruhusu saa ipite bila kuitaja.

Nyamoita akafumba macho, akanong'ona, "Ee Bwana, ni wewe uliyezivuruga lugha kule Babeli. Basi nichambulie hii moja, mpaka saa kumi na mbili tu."

Kisha akashuka uwanjani. Alama za kunukuu akazing'oa kama magugu. "Will" akaikunja shingo hata ikawa "would." "Tomorrow" akaikimbiza mpaka ikajisalimisha kuwa "the next day," ikihema. Lakini palikuwa na adui wa kale anayetuvizia sisi wa huku tangu darasa la kwanza, naye ni "he" na "she." Lugha zetu humvisha mwanamume na mwanamke koti moja, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu hiyo; lakini Waingereza, watu wa kushuku, hutaka kuhakikisha kwanza. Basi Beverlyne wa swali la nne akawa mwanamume, na Walter wa swali la tano akavaa sketi, na damu ya alama ikamwagika.

Ndipo akafika swali la saba, ambapo mtu aitwaye Osoro alisema: "God is good." Ubaoni kanuni ilikuwa wazi: katika taarifa, "is" hurudi nyuma ikawa "was", kilichopo huwa kilichokuwapo. Kalamu ikasita. Nyamoita aliutazama ule wema wa Mungu, akautazama ubao, akaona kwamba mmoja wao hana haki ya kumwamuru mwenzake. Akaandika: Osoro said that God is good.

Karatasi zilirudi. Alama tisa. Juu ya swali la saba, mkato mwekundu mrefu kama kovu.

"Omong'ina, mama yetu, tisa!" Omosa, mwendesha bodaboda, alipaza sauti kutoka nyuma. "Umeangukia mlangoni kabisa!"

Darasa likacheka, kicheko kikubwa cha watu waliopata sita.

Nyamoita akasimama. "Mwalimu, hili la saba nimekosa nini?"

"Mama, kanuni ni kanuni," alijibu Mwalimu Lewis, mkono mmoja mfukoni. "Nimekaa chuo kikuu miaka minne. 'Is' ikiripotiwa huwa 'was.' Hata Mungu hufuata sarufi."

"Kwa hivyo Osoro alisema Mungu alikuwa mwema."

"Barabara."

"Na siku hizi yukoje? Amestaafu?"

"Keti, Mama. Mimi sikosei mambo ya sarufi."

Hakuketi. Kama mashujaa wa zamani walivyofuta panga alani, ndivyo alivyochomoa daftari kikapuni. Humo, tangu Januari, alikuwa ameandika kila lililosemwa darasani, na mwenye kulisema, na saa yake, ili kujizoeza ukarani. Akasoma kwa sauti ya mtu asomaye kanisani:

"Jumatatu, saa kumi na moja na robo. Omosa alisema kwamba anaumwa na tumbo. Omosa alitoka, hakurudi. Saa kumi na moja na nusu. Mwalimu Lewis alisema kwamba jua linachomoza mashariki. Alisema kwamba hapo 'rises' haigeuki, kwa sababu jambo la kweli daima halirudi nyuma hata likiripotiwa. Alisema kwamba atakayesahau hilo ni punda."

Mvua ikaanza kupima mabati.

"Mwalimu," Omosa akauliza kwa unyenyekevu mwingi, "punda ni 'he' au ni 'she'?"

Digrii ya Mwalimu haikutajwa tena jioni ile. Akaitwaa karatasi, akaifuta tisa, akaandika kumi, na kwa sauti nyembamba akasema, "I am sorry."

Nyamoita akaomba, akashukuru, akafungua daftari lake. Akamtazama Mwalimu mara mbili, akahakikisha kuwa ni mwanamume, kisha akaandika: He said that he was sorry. Na hapo Nyamoita alimpokea "was" kwa heshima zote, maana kabla hajafika mlangoni alimsikia Mwalimu akinung'unika kwamba wamama wa siku hizi wana kiburi. Majuto yake yalikuwa yamekwisha.

Basi na iandikwe, isomwe Ogembo na Nyamira, wala Abner asiamshwe kuisikia: Alhamisi ile, kwa alama moja, kanisa lilipata karani, Mwalimu Lewis alikuwa amejuta, na Mungu ni mwema.